Funda la Maji

Wapendwa, kabla sijafungua Neno, nitegeeni sikio kidogo. Wale wa nyuma karibu na mlango, najua mmeacha maharage jikoni na mnaniangalia kwa jicho lile. Hayataungua, mimi leo si mrefu.

Kulikuwa na mama mmoja muuza mitumba. Msianze kugeuka kutazamana, hayupo hapa, ni wa mfano. Mama huyu alikuwa na mdomo. Sisemi kwa ubaya. Akifungua belo la nguo sokoni, ulimsikia tangu stendi. Anaita wateja, anamuulizia mgonjwa wako wa nyumbani, anakuambia gauni limekukaa hata kama halijakukaa. Mtu akisimama mezani kwake dakika tano, aliondoka anacheka.

Sasa, mama huyu alikuwa na kazi nyingine, isiyo na mshahara. Katika mji ule kulikuwa na watu wachache waliojitolea kutunza ndege wa porini, wale walioumia na wale makinda waliobaki yatima. Alikuwapo muuguzi mstaafu, dereva wa lori, mwalimu mmoja, na yeye. Ndege aliyegongwa na gari analetwa kwao. Wanamfunga bawa, wanamlisha, wanasubiri, na akipona wanamrudisha porini. Hakuna aliyewatuma. Mimi watu wa namna hii nawapenda, nawaambia ukweli. Mtu anaamka, hajanywa hata chai, yuko na jembe anatafuta nyungunyungu kwa ajili ya ndege ambaye hatamwambia asante hata siku moja. Wewe na mimi, bila asante, tungechimba siku ngapi?

Mwaka wa kwanza, wakata majani waliwaletea kinda la korongo. Mnawajua korongo wale wakubwa, wenye taji la manjano kichwani. Kinamasi kilikuwa kimeshika moto, wazazi wake hawakuonekana tena. Mama wa mitumba akasema, huyu nipeni mimi. Akampenda, jamani. Akampa jina, akamwita Bwana Harusi, kwa ajili ya lile pambo la kichwani lililoanza kuota. Alikuwa analala jikoni. Mbwa wa nyumbani alimzoea, wakawa wanagawana kivuli. Mama akienda sokoni, Bwana Harusi yuko nyuma yake, hatua kwa hatua, shingo juu, na watu wanaacha kununua nyanya wanakuja kutazama. Mama alisifiwa soko zima, na sifa, ndugu zangu, ni tamu.

Ikafika siku ya kumwachia. Mabawa yalikuwa yamekomaa, anaruka vizuri. Wakampeleka kinamasini, wakamwacha karibu na kundi la korongo. Wale wakamtazama, naye akawatazama, kisha akageuka akaenda kutafuta watu. Watu ndio aliowajua. Alitembea mpaka nyumba ya kwanza aliyoiona, akaingia uani kwa adabu zake zote, akasimama kusubiri kusalimiwa. Mbwa wa nyumba ile hakuwa na habari za urafiki huo. Mwenye nyumba alitoka mbio na fimbo, lakini alichelewa.

Walimletea mama manyoya kwenye kikapu. Siku nne hakuonekana sokoni. Siku ya tano yule muuguzi mstaafu akaenda kumwona, akamkuta amekaa kwenye kigoda, kikapu miguuni. Akakaa naye. Kisha akasema, "Mdogo wangu, yule hakuuawa na mbwa."

"Ameuawa na nani?"

"Hakujua kumwogopa mbwa. Hakujua kumwogopa mtu. Nani alimfundisha asiogope?"

Alisema kwa upole, lakini alisema.

Mnadhani aliacha kazi? Wengi wetu tungeacha. Tungesema, nimejitolea, nimelaumiwa, basi tafuteni mwingine. Yeye mwaka uliofuata alipigiwa simu: kuna kinda jingine la korongo, mguu umevunjika, amekutwa peke yake kwenye matope. Akaenda kumchukua. Ila safari hii alijua kinachotakiwa. Ndege huyu apone, na apone akiwa korongo. Akimzoea binadamu, amekufa kama yule wa kwanza, hata kama bado anapumua.

Basi wakawekeana sharti na wenzake: ndege asisikie sauti ya mtu, asione sura ya mtu, asipewe jina. Mama akaingia kwenye mabelo yake ya mitumba, akatoa shuka la kijivu, akalishona kama joho la kumfunika kichwa mpaka miguu, na vitundu viwili vya kuonea. Akachukua soksi nyeusi, akaijaza pamba, akaishonea kitambaa chekundu kooni na taji la njiti za ufagio. Hicho kikawa kichwa cha korongo. Mkono unaingia ndani, mdomo wa soksi unadonoa panzi, kinda naye anadonoa. Mguu aliufunga kijiti yule muuguzi, naye yuko ndani ya joho vilevile.

Sura ikafichika. Lakini mdomo je? Mama alijijua. Alijua akiingia tu kwenye banda la kinda kule uani, kabla hajafunga mlango, atakuwa amesema, "Hee, umeamkaje baba?" Basi akajitungia njia yake. Kila akitaka kuingia kwa kinda, alikunywa funda moja la maji, akaliweka mdomoni, asilimeze. Analisha, anafagia, anabadilisha maji ya chombo, mashavu yamejaa. Akitoka, anatema nje ya uzio. Mara tano kwa siku, miezi mitatu. Yule mama mwenye mdomo.

Jirani yake, fundi baiskeli, siku moja alichungulia juu ya uzio, akaona shuka la kijivu linarukaruka, linainama, linakunjua mikono, linaruka tena. Akamsubiri mlangoni.

"Mama, wewe ni mzima kweli?"

Mama akamwonyesha mashavu. Akaenda pembeni, akatema, akafuta mdomo. "Namfundisha kucheza. Korongo asiyejua kucheza hapati mchumba."

"Na wewe ulifundishwa na nani?"

"Nimekaa kinamasini wiki mbili nawatazama."

Fundi akatikisa kichwa. "Unateseka kiasi hiki, na ndege mwenyewe hajui kama wewe upo?"

"Ndiyo ninachokitafuta," akasema mama, akaenda kuchota maji mengine.

Kuna mchana mmoja upepo ulivuma, bati la banda likang'oka kwa kishindo. Kinda akaruka kwa hofu, akanasa bawa kwenye waya, akaanza kulia ile sauti nyembamba ya makinda. Mama alikuwa ndani, hatua tatu kutoka kwake. Akina mama mlioko hapa mnaijua hali hiyo. Neno "pole, mwanangu" lilishafika kooni. Lakini maji yalikuwa mdomoni. Akainama, akamnasua, akampapasa shingoni kwa kile kichwa cha soksi, polepole, kama wakubwa wao wanavyofanya, mpaka akatulia. Hakutoa sauti. Alilia mle ndani ya shuka, na kinda akaona korongo tu amesimama karibu naye.

Siku ya kumwachia ilipofika, walimpeleka kinamasini wakiwa ndani ya majoho. Kundi lilikuwa pale. Ndege akasimama kitambo, akiupumzisha ule mguu uliopona vibaya kidogo, maana alibaki na kuchechemea. Kisha korongo mmoja akaruka, akainama, akakunjua mabawa. Na huyu wetu naye akaruka, akainama, akakunjua mabawa. Walipoondoka, aliondoka nao. Mama alibaki amesimama kwenye nyasi, na wenzake wanasema ilipita muda mrefu kabla hajakumbuka kutema maji.

Mwaka ukapita. Mahindi yalikuwa yamevunwa, korongo wakashuka shambani kuokota punje. Mama alikuwa anapita na fundi baiskeli. Akasimama ghafla. Kati ya wale ndege alikuwapo mmoja anayechechemea, na pembeni yake yuko mwenzake. Mama hakuwa na shuka. Alikuwa na sura yake mwenyewe na khanga yake. Akapiga hatua moja mbele, nyingine tena.

Mnangoja nini hapo? Semeni ukweli. Mnangoja ndege aje, ainamishe shingo, aweke kichwa begani kwa mama, na sisi hapa tutoe leso. Hata mimi ningependa.

Yule ndege aliinua kichwa, akamwona mtu. Akatoa sauti ya hatari, akakimbia na mguu wake ule, akaruka, kundi zima likaruka naye. Wakapita juu ya kichwa cha mama, wakapotelea upande wa kinamasi.

Fundi baiskeli akasema, "Unaona sasa? Hana hata shukrani. Amekukimbia kama jambazi."

Mama alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Akasema, "Jirani, yule wa kwanza alinijua vizuri sana. Yuko wapi?"

Ndugu zangu, mfano umeishia hapo. Mmeshampenda huyu mama, nimeona nyuso zenu, na mimi nampenda. Lakini sikumleta hapa tumpigie makofi.

Mwaka jana mvua zilibeba nyumba za bondeni. Kanisa hili lilichangamka, nalisema kwa fahari. Mlitoa mablanketi, masufuria, unga. Mlibeba wenyewe vichwani kwenye matope. Mungu aliona. Lakini haikututosha Mungu kuona. Tuliwapanga wenzetu kumi na wanne waliopoteza nyumba mstari mmoja, kila mtu na blanketi lake kifuani, tukawaambia watabasamu, tukapiga picha. Tukaikuza. Tukaitundika pale nje, ukutani, karibu na mlango wa kuingilia, wanapopita wote. Na aliyesimama katikati ya picha ile, mkono begani kwa mjane, anacheka kuliko wote, ni huyu anayewahubiria.

Mmoja wa wale kumi na wanne aliacha kuja ibadani. Nikaenda kumuuliza. Ameniruhusu niwaambieni, kwa sharti nisiseme ni yupi, kwa hiyo naomba macho yenu yabaki hapa mbele. Aliniambia hivi: "Mchungaji, blanketi lenu lina joto, nalilalia kila siku. Lakini binti yangu shuleni anaitwa mtoto wa blanketi. Kila nikija kuomba, naanza kwa kupita mbele ya shida yangu imetundikwa ukutani. Nimechoka kupita pale."

Sikulala vizuri wiki ile, wapendwa. Nilikwenda kwa mtu aliyezama nikamtoa majini, kisha nikamfunga kamba shingoni ili watu wajue nani amemtoa. Ni nani kati yetu hana kamba yake? Umemsomesha mtoto wa ndugu yako, kisha kila sikukuu anasimamishwa mbele ya wageni aeleze ni nani aliyemsomesha. Umemwokoa jirani siku ya msiba, na leo akikupa maoni tofauti kikaoni unamkumbusha ule msiba. Tunawafuga, ndugu zangu. Tumewatoa kwenye matope tukawafanya Bwana Harusi, watembee nyuma yetu sokoni, watu watutazame sisi. Kisha tunashangaa kwa nini hawajui kuruka.

Msaada wa yule mama ulikuwa na kazi moja, kumrudisha ndege kwao, awe ndege mbele ya ndege wenzake, asiwe na deni kwa sura ya mtu yeyote. Na ulimgharimu. Kulisha halikuwa jambo gumu kwake. Gumu lilikuwa kunyamaza, kubaki ndani ya shuka, kuwapo bila kujulikana, mpaka siku anapitwa juu ya kichwa na kile alichokipenda, na bado anacheka.

Mmepita pale mlangoni asubuhi hii, karibu watu mia mbili. Nani ameona kwamba picha haipo? Naona mnageuka sasa. Niliitoa kabla hamjafika. Misumari minne bado iko ukutani, na naomba mtu yeyote asiing'oe, aiache, mimi nina haja ya kuiona kila Jumapili.

Hayo mengine ninayotaka kufanya kuhusu jambo hili, hamtayasikia kwangu. Na ninyi mkienda leo kwa mtu mwenye shida, sitaki mrudi kunihadithia.

Tusimame tuombe. Mzee wa zamu, naona umekuja kutuongoza sala, asante, rudisha kipaza sauti mahali pake. Leo kila mmoja ataomba mdomo ukiwa umefungwa.