Mtoto wa Nungunungu na Mwito Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Watoto wametoka?

Wametoka.

Wamerudi wote?

Hatujui. Tusimulie.

Basi sogeeni karibu, na aliye na mtoto amshike mkono.

Hapo zamani za kale, nchi ya Kimambani ilitawaliwa na Ndovu. Hakuwa mtawala mbaya. Alikula majani, alikunywa maji, hakumdhulumu mtu. Lakini mwaka mmoja moto uliingia nyikani. Moshi ukatanda. Kila mama akamwita mwanawe kwa sauti yake. Huyu analia huku, yule anapiga mluzi kule. Watoto wakakimbia ovyo, wakagongana ndani ya moshi. Wengi waliungua. Ndovu aliwaona, na Ndovu hasahau.

Moto ulipozimika, akatoa amri. Kila mtoto akiacha ziwa apelekwe Bonde la Matete, kwa Mwalimu Korongo. Huko afundishwe mwito mmoja. Mwito wenyewe ulikuwa huu: "Njooni-i-i." Na jibu lake: "Tumekuja." Watoto watembee kwa mstari, pua ya huyu kwenye mkia wa yule, wasiachane. Na mzazi asikanyage bonde, asije akawachanganya kwa sauti yake.

Chini ya bonde palikuwa na mwamba. Katika mwamba palikuwa na ufa. Ndani ya ufa mlikuwa na mwenyeji. Nitamtaja kwa jina lake wakati ukifika.

Katika nchi hiyo aliishi Bibi Nungunungu. Nasema nungunungu, sisemi kalunguyeye. Kalunguyeye ni mdogo, akiogopa hujiviringa kama tufe, na miiba yake hailii. Nungunungu ana miiba mirefu, na ile ya mkiani ina uwazi ndani. Akiutikisa mkia, miiba hulia.

Na desturi ya nungunungu ilikuwa hii. Mtoto akizaliwa hapewi jina la mdomo. Mama hulala naye shimoni, akautikisa mkia kwa mwendo maalumu, na mwendo huo ndio jina lake mtoto. Binti wa Bibi Nungunungu jina lake lilikuwa: cha, chaka, cha. Halikuwa chaka, chaka. Hilo lilikuwa la marehemu baba yake, aliyeungua mwaka wa moto.

Asubuhi moja alikuja Askari Ngiri, mkia wima kama kijiti.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, Bwana Ngiri. Mkia umesimama hivyo, naona una kazi ya serikali."

"Usinicheke. Nimemfuata mtoto."

"Mtoto ni wa nani?"

"Ukimzaa ni wako. Akiacha ziwa ni wa nchi. Ndivyo nilivyoambiwa niseme."

"Na wako wewe?"

Ngiri akatazama chini. "Wangu walikwenda zamani. Siku hizi nyumba haina kelele. Mke wangu anafagia pale pale palipokwisha kufagiliwa."

Bibi Nungunungu alimkumbuka mumewe. Aliukumbuka moshi. Akamtoa mtoto shimoni.

"Nitakwenda kumtazama," akasema.

"Hairuhusiwi, Bibi."

Mtoto akaenda. Huko bondeni, Korongo akaikata miiba ya mkia wake, kwa kuwa ililia wakati wa somo. Kata, kata, kata. Mkia ukabaki mtupu.

Siku zikapita. Ukungu ukashuka juu ya Kimambani, ukakaa. Bibi Nungunungu hakuweza kula. Mzizi aliutafuna, akautema. Akasema moyoni, amri ni amri, lakini macho ni yangu. Akaondoka.

Njiani akamkuta Mama Digidigi, amesimama peke yake, anatafuna jani moja tangu asubuhi.

"Hujambo, shoga."

"Sijambo. Unakwenda wapi na ukungu huu?"

"Ninapita tu. Mwanao hajambo?"

"Yuko shule," Mama Digidigi akasema. "Nimeambiwa anajifunza vizuri."

Bibi Nungunungu akaenda zake mpaka mpakani mwa bonde. Akachungulia kwenye matete.

Watoto walikuwepo. Walikuwa kimya. Mtoto wa komba hakupanda mti. Mtoto wa ngedere hakumvuta mtu mkia. Walisimama ndani ya ukungu, wote wakitazama upande mmoja, wakivuta pumzi pamoja na kuitoa pamoja. Fuu. Fuu. Kama mnyama mmoja mkubwa aliyelala. Mtoto wake alikuwa katikati. Alipita karibu kabisa na matete. Hakugeuka.

"Wewe, Bibi," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Korongo, amesimama kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hapa si mahali pa mzazi. Ninyi mnatuharibia kazi. Unaona, baadhi yao wamekwisha kutoroka kurudi kwenu. Wa kwanza alikuwa mtoto wa pimbi. Baadaye wa sungura. Jana katoroka wa Digidigi."

"Wa Digidigi?"

"Ndiye. Huko kwao sasa hivi anadekezwa na mama yake."

Bibi Nungunungu akahisi miiba inasimama mwilini, mmoja mmoja.

"Mwalimu," akasema polepole, "Mama Digidigi nimemwacha njiani sasa hivi. Yuko peke yake. Anajua mwanawe yuko kwako."

Korongo akashusha mguu wa pili. Mwalimu alidhani watoto wako kwao. Wazazi walidhani watoto wako shuleni. Na hapakuwa na wa kuuliza, kwa sababu mzazi alikatazwa kukanyaga bonde.

Hapo ndipo mwito ukasikika.

"Njooni-i-i."

Bibi Nungunungu akautazama mdomo wa Korongo. Ulikuwa umefumba.

"Njooni-i-i."

Ilikuwa sauti ya Korongo hasa. Lakini ilitoka chini, kwenye mwamba, ndani ya ukungu.

"Tumekuja," watoto wakajibu kwa sauti moja. Wakajipanga. Pua kwenye mkia, pua kwenye mkia. Wakaanza kuteremka. Tapu, tapu, tapu.

Korongo akapiga kelele: "Njooni-i-i. Huku. Njooni-i-i." Watoto wakasikia mwito ule ule juu na ule ule chini. Wangejuaje? Wa mbele alikuwa amekwisha kushika njia ya chini, na waliobaki wakamfuata wa mbele.

"Mwalimu, waite kwa majina yao."

"Siyajui," Korongo akasema. "Sikufundishwa majina yao."

Bibi Nungunungu akatoka kwenye matete. Akaukanyaga mpaka. Akaupa ukungu mgongo, akautikisa mkia kwa nguvu zake zote.

Cha, chaka, cha.

Watoto wakaendelea kuteremka.

Cha, chaka, cha.

Katikati ya mstari, mmoja akasimama. Akainua pua. Mkia wake usio na miiba ukatikisika, haukutoa sauti, lakini ukatikisika. Akageuka. Na waliokuwa nyuma yake, kwa kuwa walifundishwa wasiachane, wakageuka naye, pua kwenye mkia, wakapanda mpaka juu.

Waliokuwa mbele yake hawakusikia lolote ambalo ni lao. Waliingia kwenye ukungu. "Tumekuja," walisema. Halafu pakawa kimya.

Ndovu akaitwa. Akaja mbio, ardhi ikatetemeka, mwamba ukapasuka. Ndani ya ufa alilala Chatu, tumbo limevimba mahali pengi. Hilo ndilo jina lake, nimelitaja. Alikuwa amelala hapo tangu shule ifunguliwe, akijifunza somo lile lile kila siku. Ndovu akamkanyaga. Lakini waliomezwa hawakurudi.

Ndovu akasimama mbele ya Bibi Nungunungu, akaangusha masikio.

"Niliogopa moto," akasema.

"Hata mimi, Bwana Mkubwa. Ndiyo maana nilimtoa. Mstari wako umewaokoa wa nyuma. Sitakunyima hilo. Lakini mwito wako mmoja, kila mwenye ulimi aliweza kuuiba. Wangu hauwezi kuibwa na asiye na miiba."

"Unataka shule ifungwe?"

"Nataka mlango wake ufunguliwe."

Ukafunguliwa. Watoto walifundishwa mstari wa Ndovu, na wazazi walikuja asubuhi na jioni, kila mmoja akamwita wake kwa jina lake. Miiba ya binti Nungunungu ikaota tena. Mama Digidigi naye alikuja kila siku mpakani, akapiga mluzi wake, akangoja, akarudi.

Mafunzo ya hadithi ni haya: serikali na imfundishe mtoto kwenda na wenzake, lakini isimtenge na mzazi wake, wala isimsahaulishe sauti ya nyumbani. Na mzazi asimtoe mwanawe akaacha kuuliza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ukungu ukishuka, na sauti ikikuita bila kukutaja, usiitike kwanza. Mwangalie aliyekushika mkono.