Gari Lililokaa Eda

Hadithi yangu ya leo haina zimwi wala jini. Ina gari moja kuukuu, mteremko mmoja, na watoto watatu wa tumbo moja. Atakayesinzia asije akaniuliza mwisho wake, maana mwisho wenyewe nitawauliza nyinyi.

Huko milima ya Usambara, juu kabisa ya Lushoto, marehemu mzee Shemhilu aliacha watoto watatu. Kupaza, mkubwa wao, alijaliwa mikono. Hata saa iliyozama kwenye ndoo ya maji aliirudishia uhai. Mwajabu, wa kati, alijaliwa pua. Alijua chungu cha jirani kimeungua kabla jirani mwenyewe hajajua. Na Mwantumu, kitinda mimba, alijaliwa woga. Msicheke. Aliogopa ng'ombe, aliogopa radi, aliogopa daraja la miti, na bado ni yeye peke yake ambaye baba alimfundisha kuendesha gari. Watu walipomshangaa mzee, aliwajibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Kabla hajafumba macho, mzee aliwausia wanawe: "Mama yenu akitoka eda, mshusheni Mombo akamwone mama yake. Atakayemfikisha mzima, ufunguo wa gari ni wake."

Basi mama akakaa eda miezi minne na siku kumi, na gari nalo likakaa eda. Hakuna aliyethubutu kuliwasha, kwani kukalia kiti cha marehemu mapema vile kulionekana utovu wa adabu. Ila kila Ijumaa waliliosha kwa heshima, wakahakikisha breki ya mkono imevutwa, wakalifunika turubai lingali limelowa. Ukungu wa milimani ukamalizia kazi. Kutu haina habari na heshima.

Eda ilipoisha, Mwantumu aliliwasha kulijaribu kabla mama hajapanda. Kupaza alikaa mbele, Mwajabu nyuma. Gari likagoma, likanguruma, kisha likajikwamua kwa kishindo.

"Uvivu wa kukaa tu," alisema Kupaza.

Wakaanza kuteremka. Mwantumu alihisi usukani unavutwa kulia, kana kwamba kuna mtu kalishika gurudumu. Hofu ikampanda, lakini akaona haya kusema, kwa sababu alikuwa amechoka kuchekwa.

"Simama!" Mwajabu alipiga kelele. "Kuna kitu kinaungua!"

"Kuni za watu hizo."

"Kuni nazijua mimi, kaka. Simama, mdogo wangu!"

Mwantumu akakanyaga. Mwajabu akashuka, akainamia gurudumu moja baada ya jingine mpaka akafika la mbele kulia. Akatemea mate chuma chake, yakachemka. Breki ilikuwa imeng'ang'ania, haiachii. Hatua thelathini mbele ilianza kona ya kwanza, na ng'ambo ya kona hiyo hapakuwa na kitu ila vilele vya miti. Mwantumu alikumbuka somo la baba: breki ikipata moto mno, mafuta yake huchemka na kanyagio huzama bure. 

Walingoja chuma kipoe, wakalirudisha gari nyumbani polepole. Sasa ikawa zamu ya mikono. Kupaza aliweka mawe kwenye magurudumu, akainua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya gogo. Kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, ilikuwa imeganda kwa kutu. Jirani mmoja akashauri ipigwe nyundo.

"Ukipiga, umeua," Kupaza alimjibu.

Alimwomba Mwantumu akanyage breki taratibu, huku yeye ameweka kipande cha mti mbele ya pistoni, kile chuma cha ndani kinachosukumwa na mafuta, isije ikaruka. Kidogo kidogo mafuta yakaisukuma mpaka ikatoka. Akaisugua kwa msasa laini, akaosha kila tundu, akavalisha mpira mpya wa kuzuia mafuta alioununua mjini. Kisha akafanya upande wa pili, ingawa haukuwa umelalamika. Siku mbili nzima chakula cha mchana alikiona kwa macho tu.

Asubuhi ya tatu majirani walikuja kumuaga mama. Akapanda mbele na kanga zake mpya. Mwantumu alikanyaga breki, ikashika. Akashikilia hapo hapo, akahesabu pumzi kumi. Kanyagio likazama, kidogo sana, kama kidole kwenye unga uliokandwa. Akachomoa ufunguo.

"Siendi."

"Nimetoa hewa kwenye mafuta ya breki mara mbili!" Kupaza alifoka. "Mama ameshapanda, watu wanatutazama. Unataka kuniaibisha?"

Watu wakaanza kucheka. Mwantumu aliogopa macho yao, lakini mteremko aliuogopa zaidi. "Niite mwoga, kaka," alisema. "Mama yangu simshushi."

Mama akashuka, akakaa kwenye kigoda. Kupaza alivua gurudumu kwa hasira, na pale bomba la mpira linaloleta mafuta linapoungana na kalipa akakuta tone moja la mafuta. Pete ndogo ya shaba iliyopaswa kukaa hapo ilikuwa imebaki kwenye beseni, chini ya kitambaa. Aliiokota, akaifuta. Kisha akairudisha mahali pake, akatoa hewa upya.

Walifika Mombo alasiri, gia ya pili njia nzima, breki baridi, Mwantumu kalowa jasho. Bibi alimkumbatia bintiye, wakalia pamoja. Baada ya chakula mama akaweka ufunguo mkekani.

"Bila pua yangu," alisema Mwajabu, "kona ya kwanza ndiyo ingekuwa ya mwisho."

"Kunusa hakufungui chuma," alijibu Kupaza. "Mngekuwa mlimani mnanusa hadi leo."

"Na mikono yako ingetuzika, kama si huyu mwoga wetu."

"Mwoga kaona kasoro. Aliyeiondoa nani?"

Mwantumu aliutazama ufunguo. Ngozi iliyofungiwa ufunguo ule ilikuwa imelainishwa na kidole gumba cha baba. Aliogopa kupewa, na aliogopa zaidi kunyimwa.

Usiku umepita bila jibu, na sasa kumekucha. Mama ameshavaa viatu, mlima wa kurudi nyumbani unawangoja, na gari halikatwi mapande matatu. Ufunguo ungali mkekani. Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza: nani auokote?