Kifaru Mgawa Moto na Chungu cha Bi Pimbi

— Wenye masikio, mpo?
— Tupo, mwenye mdomo.
— Nina ngano kichwani. Niitue?
— Itue tuione.
— Mtaiamini?
— Kwanza tuisikie.

Basi sikieni.

Palikuwa na mlima mmoja wa baridi, baridi ile ya kuingia mpaka kwenye mizizi ya meno. Kuni za mlima ule zilikuwa mbichi mwaka mzima kwa sababu ya ukungu. Moto ulipatikana mahali pamoja tu, chini ya genge, penye ufa wa ardhi uliojaa makaa mekundu yasiyojulikana yaliwashwa na nani. Wanyama wote walikuwa wakienda Ufani kuchota.

Siku moja Kifaru akaja, akaketi mlangoni mwa Ufa. Puu.

Akasema, "Mnasukumana hapa, mtaungua. Kuanzia leo nitawagawia mimi. Kila nyumba ilete chungu chake na mzigo wa majani mabichi. Tena mtu asipekeche moto kwake, atatuchomea msitu. Nasema hivi kwa usalama wenu."

Wanyama wakaona kweli, usalama ni kitu kizuri. Na ili Kifaru asije akawapunja, wakamchagua Kinyonga awe Msimamizi wa Moto, kwa kuwa jicho lake moja hutazama huku na la pili hutazama kule.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Chungu kilichukuliwa jioni, na asubuhi bado kina joto. Kisha ukaja msimu wa upepo. Kifaru akasema, "Upepo unavuma, kazi imekuwa ngumu. Leteni mizigo miwili." Wakaleta miwili. Upepo ukatulia. Mizigo ikabaki miwili.

Na moto nao ukaanza kufa mapema. Unafika na chungu nyumbani, unateleka maharage, hayajaanza hata kuchemka, tsii, umezima.

Sasa katika mlima ule aliishi Bi Pimbi, mjane mwenye watoto, mnyama mdogo asiye na pembe wala mkia wa kuonekana. Alichojaliwa ni pua. Bi Pimbi hakula kitu bila kukinusa, wala hakuitikia salamu bila kuiwaza kwanza. Jirani yake alikuwa Mama Kanga, ambaye wakati huo alikuwa akiatamia.

Asubuhi moja Bi Pimbi alimkuta Mama Kanga amesimama kando ya kiota.

"Jirani, mbona umeyaacha mayai wazi na baridi hii?"

"Niyafunike ya nini, Bi Pimbi? Nilitoka kutafuta chakula, nikayaachia chungu pembeni yapate joto. Nimerudi, chungu kimezima. Nimeyalalia, nimeyalalia, hayajibu."

Bi Pimbi akaligusa yai moja. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akamshika jirani yake bawa, wakaenda Ufani.

Kifaru alikuwa akitafuna.

"Bwana Kifaru," akasema Bi Pimbi, "moto wako haufiki asubuhi."

"Chungu ni kile kile, moto ni ule ule," akajibu Kifaru. "Ninyi ndio mnaumaliza ovyo. Mnaacha milango wazi."

"Mimi naishi pangoni, bwana. Sina mlango."

"Umeona? Sababu ndiyo hiyo."

Wakaenda kwa Kinyonga. Walimkuta juu ya tawi, na tawi lenyewe lilikuwa juu ya Ufa, pale penye joto zuri. Rangi yake siku hiyo ilikuwa kijivu, sawasawa na ngozi ya Kifaru. Bi Pimbi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Shikamoo, Mzee Kinyonga. Tuna malalamiko."

"Marahaba. Nimesikia. Nitatazama."

Akatazama. Alitazama mpaka Mama Kanga akachoka kusimama, akaketi chini. Mwishowe akasema, "Sheria inataka chungu kijae. Nimevitazama vyungu kutoka huku juu. Vimejaa."

"Vimejaa nini?" akauliza Bi Pimbi.

"Hilo sheria haikulisema."

Jioni ile Bi Pimbi akapokea chungu chake kama kawaida. Alipofika kwake hakuteleka kitu. Alikimimina juu ya jiwe bapa, Mama Kanga akishuhudia. Juu yalikuwa makaa mekundu. Chini ya makaa, majivu. Chini ya majivu, majivu.

Mama Kanga akafungua mdomo apige mbiu mlima mzima. Bi Pimbi akamzuia.

"Tukisema, atajibu kwamba tumeyatia wenyewe. Na Kinyonga atakubali, maana anaota moto wake."

"Kwa hiyo tunyamaze?"

"Tusinyamaze. Yeye anatupa majivu na sisi tunalia. Acha mimi nikayaombe."

Kesho yake Bi Pimbi akaenda Ufani na asali kidogo kwenye jani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanong'ona.

"Bwana Kifaru, leo sitaki moto. Nipe majivu tu."

"Ya nini?"

"Si kitu, bwana. Ya kuchezea watoto."

Kifaru akampa, lakini akamsindikiza kwa macho. Nani hutoa asali kwa ajili ya mchezo wa watoto? Akamwona anayafunika majivu yale kwa jani, anaiacha njia kuu, anapita vichakani.

Siku ya pili akaja tena, na asali imeongezeka.

"Bwana Kifaru, nipe majivu tu."

"Ya nini?"

"Si kitu, bwana. Ya kusugulia vyungu."

Siku ya tatu akaja tena, na asali imeongezeka zaidi.

"Bwana Kifaru, nipe majivu tu."

"Ya nini?"

"Si kitu, bwana. Ila nakuomba usiwaambie wengine."

Hapo Kifaru akashindwa hata kutafuna. Akamwita Kinyonga. "Yule mdogo ananificha jambo. Mfuate."

Kinyonga akamfuata, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma. Alipofika pangoni alimkuta Bi Pimbi anayachekecha majivu, anayanusa, anayafukia kwenye shimo na kuweka jiwe juu. Bi Pimbi alikwisha kumwona zamani sana, akaendelea na kazi yake. Kinyonga akarudi na habari.

"Anayatunza kama mboni ya jicho."

Kifaru akaduwaa. "Kumbe majivu yana thamani kuliko moto. Na mimi kila jioni nawatilia watu majivu chini ya chungu. Wananiibia huku nawatazama."

Tangu jioni ile, hata chembe ya majivu haikutoka Ufani. Vyungu vilijazwa makaa matupu kutoka chini mpaka mdomoni. Tena Kifaru alivigonga kwa pembe yake, ko ko ko, apate uhakika kwamba hakuna vumbi lililojificha.

Wateja walipoona hivyo, wakaingiwa na hofu. Digidigi alikataa kabisa kukipokea chungu chake.

"Huyu anataka nini kwetu?" aliuliza.

Bi Pimbi akapita nyumba kwa nyumba. "Pokeeni, mkae kimya. Kausheni kuni zenu kwa moto huo, na moto wenyewe msiuache uzimike. Na mtu akienda Ufani, alalamike kidogo kama kawaida, asije akashtukiwa."

Wakalalamika kidogo kama kawaida. Makaa mengi yakakausha kuni, kuni kavu zikazaa makaa mengine. Mmoja mmoja, wakaacha kwenda Ufani. Mama Kanga alitaga tena, na safari hii aliweka kiota karibu na meko yake mwenyewe. Kila akiondoka alirudi mbio kutazama, ingawa moto ulikuwa palepale.

Kifaru hakuona kwamba wateja wamepungua. Alikuwa na kazi. Aliangusha magogo Ufani yaungue, akayakokota majivu, akayarundika juu ya genge. Rundo likawa kilima. Kisha akaketi kuwasubiri wenye asali.

"Wanakuja?" alikuwa akiuliza.

"Naona dalili," alijibu Kinyonga, ambaye sasa alikuwa mweupe kama majivu.

Mchana mmoja mvua kubwa ikanyesha. Rundo likalowa, likavimba, likayumba, likaporomoka lote pamoja. Poroooo, mpaka ndani ya Ufa. Tsiiiii. Mvuke ukapanda juu, ukatanda, ukaisha.

Kifaru akainama kuchungulia. Hakukuwa na hata kaa moja jekundu.

"Kinyonga, umeona?"

"Nimeona," akajibu Kinyonga. "Umejaa."

Baridi ikamwandama Kifaru. Akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akatundika chungu kwenye pembe yake, akashuka kwa Bi Pimbi huku anatetemeka mwili mzima, na mwili wenyewe mnaujua ulivyo.

"Hodi, Bi Pimbi. Naomba moto."

Mama Kanga alikuwepo, na nyuma yake vifaranga wapya, pii pii pii. Akasema, "Usimpe."

Bi Pimbi aliyakumbuka yale mayai. Aliukumbuka ubaridi wake kwenye vidole vyake. Lakini meno ya Kifaru yalikuwa yakigongana, na sauti ile aliijua, maana aliisikia kwa watoto wake. Akakichukua chungu, akakijaza makaa matupu mpaka mdomoni, akamrudishia.

Kifaru akakitazama chungu. Akamtazama Bi Pimbi.

"Kimejaa?"

"Kimejaa."

"Kimejaa nini?"

"Moto."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini, bwana."

Akapiga hatua chache, akasimama. Haiwezekani, akawaza. Mimi nisingempa.

Akakigeuza chungu juu chini atafute majivu. Makaa yakamwagika kwenye nyasi kavu chini ya mwamba, pale mvua isipofika. Fuu, zikashika. Kifaru akarukia moto ule, ti ti ti ti, akaukanyaga mpaka cheche ya mwisho. Kisha akakitazama chungu ndani. Kweli, hakikuwa na majivu.

Hakuthubutu kurudi kuomba tena. Akaenda zake na baridi yake. Na watu wa porini husema kwamba mpaka leo Kifaru akiona moto huja mbio kuukanyaga, hataki hata kuuliza ni wa nani. Kinyonga naye yuko njiani. Anakwenda kutazama.

Funzo la ngano hii ni kwamba mnunuzi mwema hachungulii chini ya chungu. Akipimiwa ashukuru, akipandishiwa alipe, akizimikiwa ajilaumu. Funzo hili si langu, jamani. Nimepewa na yule anayeniuzia mkaa, na gunia lake, nikilitazama kwa juu, limejaa kweli.

— Ngano nimeishusha. Nani ataibeba?
— Tutaibeba sisi.
— Aliyesinzia akaulize kwao. Aliyesikia, asinitaje.