Mto Alioushona Mwamvua

Paukwa!

Pakawa!

Mji?

Upo!

Mto?

Ulikuwepo!

Ulienda wapi?

Tuambie wewe!

Nitawaambia, na anayetaka kubisha abishe sasa hivi nimwone sura. Palikuwa na chura, mdogo kama ngumi ya mtoto, aliyeshona mto kwa mikono yake, akamlaza ndani yake mfalme mzito kama nyumba. Unacheka wewe? Cheka tu. Nimewahi kubishana na wakubwa zako wenye vyeti, wakanyamaza wote.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walikuwa na mji wao uitwao Kidimbwi. Katikati yake ulipita mto. Siku moja wakaujengea zege, huku zege, kule zege, chini zege, ukanyooka kama rula. Tangu hapo hakuna aliyeuita mto. Waliuita mtaro. Na kitu kikishaitwa mtaro, mnajua wenyewe kinavyotendewa. Maganda humo. Mifupa humo. Kandambili iliyokatika, humo humo.

Mwenye zege alikuwa Fisi. Fundi Fisi! Alitembea na mwiko wa uashi kiunoni, na kila alipoulizwa jambo alikuwa na jibu moja tu.

"Fundi, maji yanatusumbua."

"Ongeza zege!"

"Fundi, joto limezidi."

"Ongeza zege!"

Basi katika mji huo aliishi chura mmoja, jina lake Mwamvua. Shida yake ilikuwa moja tu: mayai. Chura hutaga kwenye maji yaliyotulia, na Kidimbwi nzima haikuwa na maji yaliyotulia hata ya kujaza kifuu. Akataga kwenye kona ya mtaro, atafanyaje?

Mvua ya kwanza ikanyesha. Maji yakapita mtaroni, vuuu! Mayai yote yakaenda na maji.

Mwamvua akaenda kwa Fisi. "Fundi, maji yanakimbia mno."

"Ongeza zege!" Fisi akainua kuta.

Mvua ya pili ikanyesha. Maji yakakimbia kuliko mwanzo, vuuuu! Mayai yakaenda, na sufuria za watu zikafuata.

Mwamvua akarudi. "Fundi, sasa ndiyo umeyapa miguu."

"Ongeza zege, dada yangu! We unajua nini? Umewahi kushika mwiko?" Akainua kuta tena.

Mvua ya tatu ikanyesha. Maji yakaruka kuta, yakaingia majumbani. Ngiri alikuwa anakula ugali wake mchana kweupe, akaona sahani inaondoka. Akaifuata mpaka mtaa wa pili. Mayai ya Mwamvua? Usiulize.

Mwamvua akakaa ukingoni. Tumboni alikuwa na mayai mengine, na mwili wake ulikuwa umekwisha kumwambia: haya ndiyo ya mwisho. Yakienda haya, hataitwa mama.

Hakulia. Akajipangusa matope, akaenda kwa mfalme.

Mfalme wa Kidimbwi alikuwa Kiboko. Sasa fikiria, kiboko, mji hauna mto! Alikuwa akioga kwenye beseni. Akilowesha tako moja, jingine limekauka.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba, Bi Chura. Sema haraka, ngozi inaniwasha."

"Mfalme, unalalaje siku hizi?"

"Vibaya! Nalala kwenye sakafu ya zege. Shingo hii hapa, haigeuki."

"Niruhusu nikushonee mto."

Kiboko akafungua jicho moja. "Mto?"

"Mto, Mfalme. Mrefu, mpana, laini. Siyo wa kuweka kichwa tu. Wa kulaza mwili mzima."

Fisi alikuwepo, akacheka mpaka mwiko ukadondoka. "Mpe ruhusa, Mfalme! Yeye ashone mito, wanaume tujenge mji."

"Nimempa," akasema Kiboko. "Achukue chochote anachotaka, popote kilipo. Atakayemzuia asimalize mto wake, nitamkalia."

Na Fisi huyo huyo, kwa sauti yake mwenyewe, akazunguka mji akitangaza: "Bi Chura anashona mto! Asizuiwe! Atakayemzuia atakaliwa!"

Mmesikia wenyewe. Alitangaza yeye.

Kesho yake Mwamvua akawaita Ngiri, Fuko na ndege Mnana, wote waliochoka kuokoa vyombo.

Akamwambia Ngiri, "Nifumulie foronya hii ngumu." Ngiri akaingiza pembe kwenye zege. Kwa! Kwa! Kwaa! Kuta zikaanguka.

Akamwambia Fuko, "Unipindie mto wangu. Mto ulionyooka unaumiza shingo." Fuko akachimba kona huku, kona kule, na pembeni madimbwi matatu mapana ya maji kupumzikia.

Akamwambia Mnana, "Sufi yangu ni matete na mafunjo. Uzi wangu ni mizizi. Shona!" Mnana akapanda matete kwenye kingo, akapanda mafunjo madimbwini, akapanda mikuyu juu ili mizizi ishike udongo. Wakazoa na takataka zote. Kandambili peke yake zilijaza magunia saba.

Fisi kuja kutazama, mtaro haupo!

Akakimbia kwa mfalme akitweta. "Mfalme, tumeibiwa! Chura kabomoa mtaro! Aliomba mto wa kulalia!"

Kiboko akaja mwenyewe, ardhi ikitikisika. "Bi Chura, umenidanganya?"

Asubuhi ile ile Mwamvua alikuwa ametaga mayai yake ya mwisho katikati ya mafunjo. Alisimama mbele ya mayai, akayaficha kwa kivuli chake.

"Mfalme, niliomba nini?"

"Mto."

"Na hiki ni nini?"

Kiboko akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Mawingu hayo yanakuja," akasema Mwamvua. "Mvua ikiingia hata nyumba moja, nikalie mimi."

Mvua ya masika ikashuka. Si mvua ya mchezo.

Siku ya kwanza maji yakaja mbio kutoka vilimani, vuuu! Yakafika kwenye kona, yakapunguza. Yakaingia kwenye matete, yakanyong'onyea.

Siku ya pili yakaja mengi zaidi. Wakati huo Fisi akanyata na karai la zege bichi ili azibe kona, maji yamwagike mjini, Mwamvua akaliwe. Akamwaga zege. Maji yakalichukua lote kama uji, yakamwachia karai. Akainua macho, akamwona Mfalme anamtazama. "Nilikuwa nasaidia," akasema Fisi.

Siku ya tatu madimbwi yakajaa, moja, la pili, la tatu, na maji yakatulia. Mjini hakuna kizingiti kilicholowa. Ngiri alikula ugali akamaliza, sahani ipo pale pale!

Kiboko akaingia mtoni polepole. Magoti yakazama, tumbo likazama, matako yote mawili yakazama kwa pamoja. Zikabaki pua na masikio.

"Aaaah," akasema Mfalme. Akalala.

Alipoamka shingo inageuka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Fisi yuko wapi?" Akamkalia kuanzia asubuhi hadi magharibi, upande wa nyuma. Ndiyo maana mpaka leo Fisi mbele yuko juu, nyuma kashuka. Nenda kamtazame.

Na katikati ya mafunjo mayai yakatikisika. Kiluwiluwi mmoja. Kumi. Mia! Mia tatu na kitu, wote wa Mwamvua. Mji mzima ukaja kingoni kupiga vigelegele, na tangu siku hiyo aliyesema "mtaro" alizomewa na watoto.

Funzo ni hili, lishikeni: maji ukiyafukuza yanaondoka na vyako. Yape mahali pa kulala, na wewe utalala.

Mmeridhika? Basi subirini, kuna kipande nilikiruka, kinaniwasha ulimini. Siku ile ya kwanza kabisa, mji ulipokusanyika kuulizana kama mto ujengewe zege, wa kwanza kunyoosha mkono hakuwa Fisi. Alikuwa Mwamvua. Alikuwa msichana, amechoka na matope mlangoni, akasema, "Jengeni, tupate pakavu." Fisi aliletwa tu. Mwamvua nilimficha kwa sababu nampenda, na nilitaka mpige vigelegele kwanza.

Ngano nimeifunga hapa. Utamu mmeula wote, aibu ya kuficha nimebaki nayo mimi.