Mbuzi Aliyeonana na Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo kila mji ulikuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na tumbo lake, palikuwa na mtu katika mji wa Kitokwe aliyeitwa Songoro. Mali hakuwa nayo. Alikuwa na kibanda, mkeka, mbuzi na ulimi, na katika vyote hivyo ulimi ndio uliofanya kazi zaidi. Kutwa alichota maji kisimani akayapeleka majumbani mwa watu, na kila alipotua mtungi aliacha neno fupi, akaenda zake, na watu wa nyumba ile wakabaki wakicheka mpaka maji yakatulia.

Hakuwa mtu wa visa virefu. Neno lake lilikuwa moja tu, lakini likikupata limekupata. Tajiri mmoja alikuwa na tabia ya kujifunga vilemba viwili, kimoja juu ya kingine, na Songoro akasema juu yake, "Mwacheni, nyumba isiyo na mtu lazima ifungwe vizuri." Kadhi wa mji alikuwa akisinzia barazani watu wakitoa ushahidi, na Songoro akasema, "Kadhi wetu hana upendeleo. Mdai akisema analala, na mdaiwa akisema analala." Watu walicheka, na walipokwisha kucheka wakatazamana, maana kadhi kweli alikuwa akilala. Wakubwa hawakumpenda kwa sababu hiyo. Angekuwa mwongo wangemvumilia, kwani waongo walikuwa wamewazoea, wakila nao kila siku.

Basi ikawa Waziri Dafari alitamani bustani ya mikomamanga. Akajenga ukuta mrefu, na ukuta ule ukaimeza njia ya kwendea kisimani. Kuanzia siku hiyo wachota maji wote, wanawake kwa wanaume, wakawa wanazunguka mbali kwenye miiba na mawe, mitungi vichwani, ili makomamanga ya Waziri yapate nafasi ya kupumua. Songoro akavumilia hadi shingo ilipokataa. Akasema ataonana na Sultani Badawi mwenyewe amweleze.

Lakini mjini Kitokwe kulikuwa na desturi iliyoitwa kifungua mlango. Mwenye shida hakwenda kwa Sultani mikono mitupu. Alifika na kitu, bawabu akakipokea, kitu kikapelekwa ndani, na mwenyewe akaambiwa aketi nje angoje kuitwa. Vitu viliingia na wenyewe wakaketi. Songoro, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, alimpeleka mbuzi wake. Bawabu akamkagua mbuzi mbavu, akaridhika naye, akamwingiza. Songoro akangoja. Baada ya adhuhuri harufu ya mchuzi ikamjia puani, naye akaingiwa na huzuni, maana mbuzi yule alimlea mwenyewe tangu ananyonya. Alasiri bawabu akatoka, akamwambia kwamba Sultani amekula ameshiba na sasa amelala, basi arudi siku nyingine, wala asisahau kifungua mlango.

Alipokuwa akirudi, wanaume waliokaa barazani wakamuuliza kama ameonana na Sultani.

"Mimi bado," akasema Songoro. "Mbuzi wangu ndiye aliyeonana naye."

Alisema hivyo akapita, wala hakugeuka nyuma. Nyuma yake wanaume wale walikuwa wameshikana mabega. Na kwa nini wasicheke, ikiwa kila mmoja wao alikuwa na kuku, au mbuzi, au kapu la mayai lililotangulia kuonana na Sultani? Neno likatoka barazani likaingia sokoni, likatoka sokoni likaingia arusini, waganga wakalisema kwa wagonjwa wao, na wagonjwa wakapata nafuu. Mwisho likaingia kwenye jiko la Sultani, kwa sababu wapishi nao ni watu, tena wao ndio waliowajua mbuzi wale kwa karibu.

Siku moja Sultani alikuwa akila, akasikia wapishi wakicheka. Akauliza kuna nini. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena kwa sauti ile ambayo watu huijibu, na Waziri Dafari, baada ya kuomba amani mara kadhaa, akamwambia neno lenyewe huku akitazama zulia. Sultani hakucheka. Aliiweka nyama siniani, jambo ambalo watumishi wake hawakuwahi kuliona, akaamuru Songoro aletwe.

Songoro akaletwa, akainama, akasema nashika miguu. Sultani hakuitikia.

"Ewe Songoro," akasema, "neno hili la mbuzi ni lako?"

"Ni langu, bwana wangu, ingawa siku hizi halilali kwangu."

"Basi nakuamuru ulirudishe. Litoke katika kila kinywa cha mji huu, liletwe hapa mbele yangu, lisibaki hata kwa mtu mmoja. Ijumaa jua likitua na nikapata kinywa kimoja kilichobaki nalo, nitaukata ulimi wako nimpe paka."

Hapo Songoro aliogopa, tusidanganyane. Mtu mwingine akikatwa ulimi hupungukiwa na kiungo, lakini yeye angepungukiwa na kila kitu. Na wapi umeona neno likirudishwa, kama vile mtu anarudisha kinu cha jirani? Waziri Dafari alikuwa akitabasamu. Songoro akamwona akitabasamu, na kwa kuona vile akili yake ikatulia.

Akasema amesikia na atatii, ila ana ombi dogo. Watu watakaolirudisha neno watahitaji kulifikisha, na mlango wa Sultani una desturi zake. Kwa kuwa watakuwa wanaleta kitu ambacho Sultani mwenyewe amekidai, je, yafaa watozwe tena kifungua mlango? Sultani, ambaye hasira ilikuwa imemjaa na njaa inamrudia, akasema mlango utafunguliwa siku ya Ijumaa kwa kila aletaye neno, asidaiwe kitu, wala asiguswe. Kadhi akashuhudia. Kwa bahati siku hiyo alikuwa macho.

Songoro akazunguka mji na mtungi wake, na kila nyumba akawaeleza amri ilivyo. Watu wakaingiwa na baridi. Kulisema neno nyuma ya Sultani ni starehe, bali kulisema mbele ya uso wake ni kazi nyingine. Wakamuuliza kama watatoka salama, naye akawaambia ukweli, kwamba Sultani ameahidi, lakini kama ni kujua hajui, ila ulimi wake umo mikononi mwao. Wengine wakaanza kukumbuka safari za mashamba. Mpaka alipofika kwa Bi Mwanakheri, mjane mmoja mkaanga bajia, moyo ulikuwa umeanza kumwishia.

Bi Mwanakheri akamsikiliza huku akigeuza bajia zake. Akasema, "Mwanangu, mimi nimetoa kuku, nikatoa mayai, nikatoa na jogoo aliyekuwa akiniamsha. Leo naambiwa mlango uko wazi bure, nami nibaki nyumbani?" Akaipua karai, akajifunga kaniki kiunoni, akaenda nyumba kwa nyumba mwenyewe. Aliyesema anaumwa alimwambia akaumwe mbele ya Sultani.

Ijumaa asubuhi Sultani aliketi kitini kwake, Waziri kuliani, mwenye kisu kushotoni, akitazamia kumwona Songoro peke yake, anatetemeka. Mlango ukafunguliwa, na mji mzima ulikuwa nje. Bi Mwanakheri akaingia wa kwanza, akapiga magoti.

"Nashika miguu, bwana. Nimekuja kurudisha neno. 'Mimi bado sijaonana na Sultani, kuku wangu ndiye aliyeonana naye.' Hilo hapo. Kwangu lilikuwa la kuku, nimelileta kama nilivyolitumia." Kisha hakusimama. Akasema kwamba maadamu amefika, na si kila siku mtu hufika, amweleze bwana kuhusu njia ya kisimani, jinsi ukuta wa Waziri ulivyoifunga, na jinsi miguu yake ilivyo sasa. Akaionyesha.

Sultani alitaka kumfukuza, lakini alikuwa ameahidi mbele ya kadhi kwamba hatamgusa aletaye neno, na mama yule alikuwa ameleta. Akaingia fundi seremala, akarudisha neno, akaeleza habari ya njia. Akaingia mhunzi, wakaingia masuria wa tajiri mwenye vilemba, akaingia tajiri mwenyewe, akaingia mwadhini, ambaye kwa mazoea alilirudisha kwa sauti kubwa hata njiwa wakaruka. Wengine walilinong'ona, wengine walilisema haraka kama wanaomeza dawa. Bawabu akaacha mlango, akaja mbele, akakiri kwamba naye analo. Wapishi wakaja na mikono yao yenye unga. Na kutoka nyuma ya pazia sauti ya Sitti, mke wa Sultani, ikasema kwa upole, "Nami ninalo, bwana, nilipewa na mkandaji wangu." Sultani akajikuna shingo. Waziri Dafari naye ikambidi apige magoti arudishe, kwa kuwa ndiye aliyelileta pale siku ya kwanza.

Jua likapanda, likashuka. Makalio yalikuwa yakimwuma Sultani na hakuna aliyethubutu kuleta chakula, hasa cha nyama. Wa mwisho kuingia alikuwa Mzee Faki, msusi wa mikeka, mtu wa umri mkubwa na kumbukumbu chache. Akapiga magoti, akafungua kinywa, neno likawa halipo. Akasema lilikuwa jambo la mnyama fulani. Pengine ng'ombe.

Sultani, kwa njaa na uchovu, akasema, "Si ng'ombe, mzee, ni mbuzi. 'Mimi bado, mbuzi wangu ndiye aliyeonana naye.' Sema uende zako."

"Naam, hilo hilo," akasema Mzee Faki, akainuka akatoka.

Songoro, aliyekuwa amesimama karibu na mlango tangu asubuhi, akasogea mbele akasema kwamba vinywa vyote vya mji vimekwisha rudisha, isipokuwa kimoja, naye anaona haya kukitaja.

Sultani akafahamu. Kwanza akakunja uso, kisha taratibu akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko hasira. Akasema ni kweli, neno sasa analo yeye, na hana nia ya kulirudisha kwa yeyote. Jua linatua na kinywa kimoja kinalo. Akamwashiria mwenye kisu asogee.

Songoro akauhisi ulimi wake ukikauka, kana kwamba umesikia. Akapiga magoti.

"Bwana wangu, sipingi amri. Ila mwenye neno la kuchekesha ni yule anayeweza kuchekesha nalo. Lisimulie hapa, kwa hawa waliokuja. Akicheka mmoja wao, kata."

Sultani akaona hilo ni jambo jepesi, maana neno lililouchekesha mji mzima halikosi kumchekesha mtu mmoja. Akasimama, akaweka sawa joho lake, akawatazama watu waliojaa mlangoni, akalisema neno vizuri kabisa, kwa kituo na kwa ishara ya mkono. Watu wa baraza wakacheka papo hapo, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Lakini kule mlangoni hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamtazama kama watu wanaosubiri mtu amalize kuhesabu viazi.

"Kisha ikawaje, bwana?" akauliza Bi Mwanakheri kwa adabu.

Sultani akasema haikuwa kitu kingine, ni hilo tu, kwamba mbuzi amemwona Sultani na mwenye mbuzi hajamwona.

"Lakini sisi tumekuona, bwana," akasema Bi Mwanakheri. "Si wewe huyo umesimama?"

Songoro akainua uso. "Bwana wangu, wewe uliniamuru nilitoe neno katika vinywa vya watu. Neno kama lile halikai kinywani kwa sababu ni tamu. Hukaa kwa sababu ni kweli. Tangu asubuhi umekaa hapa, wameingia mmoja mmoja, wamekuona, wamekueleza shida zao, na hakuna aliyeleta mbuzi. Sasa si kweli tena. Hata wewe unalo bure, haliwezi kukufanyia kazi."

Mwenye kisu akamtazama bwana wake. Sultani alikuwa akimtazama yule mama ambaye bado alikuwa akingoja kwa heshima sehemu iliyobaki ya kisa. Midomo ya Sultani ikaanza kutikisika. "Kisha ikawaje," akasema polepole, na tumbo likamtikisika, na mara Sultani Badawi akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo, na safari hii watu wa mlangoni wakacheka pamoja naye. Waziri Dafari peke yake hakucheka, maana alikuwa ameshaelewa jambo la ukuta linaelekea wapi. Na kweli kabla ya giza alikuwa anabomoa mawe kwa mikono yake, na makomamanga yakalishwa ng'ombe.

Sultani akaifuta desturi ya kifungua mlango mbele ya wote, akamwambia Songoro achague mbuzi katika zizi la kifalme, amtakaye. Songoro akachagua mmoja mnene, akamfunga kamba, akashukuru. Alipokuwa anataka kutoka, Sultani akamwita tena, huku bado anafuta machozi ya kicheko.

"Na kesho, Songoro, utasema nini juu yangu?"

"Sijui bado, bwana wangu," akajibu Songoro. "Maneno hayo hutungwa na wewe. Mimi huyasema tu."

Sultani akaacha kucheka. Hekaya imenifikisha hapa nami nawaachia. Mlango ule haukufungwa tena maisha yote ya Sultani, si kwamba alikuwa amegeuka mtu mwema sana, bali kwa kuwa kila asubuhi alimwona Songoro dirishani akipita na mtungi wake, anacheka peke yake, na hakujua anacheka nini.