Sultani na Shumbwele

Palikuwa na Sultani Badawi, mtu wa mbwembwe na tumbo, aliyependa maneno kuliko wali wa nazi. Si maneno yote, la! Yale adimu tu, tena yawe na sauti ya mbwe ndani yake. Akapiga mbiu: kila Ijumaa, nyumba moja ilete neno la mbwe, na mnyama mmoja. Neno likimshinda Sultani, mnyama arudi kwao. Akilijua, mnyama abaki zizini kwake.

Na alijua yote, weee! Mzee Shaibu akaja na mbuzi. "Kilembwe," akasema.

"Mtoto wa kitukuu! Funga mbuzi."

Akaja mkulima na fahali. "Kumbwewe."

"Kombeo la kurushia mawe! Funga fahali."

Akaja mtu wa bara na kondoo, na neno lisilojulikana hata na waziri. Sultani hakupepesa jicho. "Nalijua tangu nanyonya."

"Maana yake, maulana?"

"Tangu lini Sultani akaulizwa maana? Funga kondoo!"

Hapo mji ukafahamu: huyu akishindwa kujua, hujua vivyo hivyo.

Zamu ikamfikia Bi Mize, mjane, msusi wa ukili na mchuuzi wa maji. Punda wake mmoja tu, na punda akienda, jiko halifuki moshi. Asubuhi ile alimkung'uta vumbi huku moyo umemwinamia. Akamtazama masikio, akamtazama mgongo. Mara akaanza kucheka peke yake. Maana wasusi wa mtaa wao wana ada: kitu ukikisuka kwa mkono wako unakipa jina, na mtaa mzima hukiita hivyo.

Akaenda barazani na punda wake, na mtaa mzima nyuma.

"Neno!" Sultani akanguruma.

"Shumbwele, maulana."

Wanawake wakajiziba vinywa kwa ncha za leso. Waziri akatazama dari. Sultani akakuna ndevu.

"Shumbwele! Hilo tu?"

"Ati walijua?"

"Nimezaliwa nimelikuta nyumbani."

"Mashallah! Na mie nikidhani ni la sisi makabwela." Bi Mize akaramba midomo, polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu kitamu.

Sultani akaiona ile midomo ikirambwa. "Cha kula hicho, mwanamke!"

"Lo, maulana ni bahari! Huliwa mbichi?"

"Mbichi, mimi paka? Hupikwa. Kwa asali."

"Na mara ya mwisho uliila lini?"

"Leo asubuhi, sahani mbili!" Akapiga mbweu ya kutikisa kilemba. "Umesikia? Ndiyo hiyo."

"Ni laini?"

"Yayeyuka ulimini!"

"Na harufu yake je?"

"Waridi!"

Huko nyuma mtu akaanguka chini, akashikwa na wenzake, nao wakaanguka.

Bi Mize hakucheka. Akamgeukia punda, akafungua kamba ya tumboni, akavuta lile tandiko la ukili linalokaa chini ya mzigo. Jeusi kwa jasho, manyoya yameganda, nzi wanalifuata kama maharusi. Akaliinua juu.

"Jamani majirani! Hili nililisuka mwaka wa mvua kubwa, nikalipa jina. Mnaliitaje?"

"Shumbweleee!" Mtaa mzima, hata mwadhini.

Sultani akawiva kama pilipili. "Mlaghai we! Neno hilo umelitunga!"

"Maulana, hata kilembwe kuna mtu alilitunga. Hili langu lina miaka saba, na kila alfajiri mtaa unanisikia nikilitaja. Sema wewe tu, watu wanangoja. Hulijui, niende zangu na punda wangu. Ama walijua," akalitandaza tandiko mbele ya miguu ya Sultani, "basi leteni asali."