Mvule Uliopimwa kwa Michi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na bibi, jina lake Bi Mashavu. Ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote. Koo zote alikuwa nazo kichwani: nani kaoa kwa nani, nani kagombana na nani, na kwa ajili ya mbuzi gani.

Jumbe wa kijiji hicho aliitwa Kitwana. Siku moja akasikia ngoma ya jumbe jirani. Ndi, ndi, ndi. Ikavuka bonde, ikamwingia sikioni. Wivu ukamshika, hata chakula hakula.

"Nataka ngoma kubwa kuliko ile," akasema barazani. "Pimeni miti. Mti mnene kuliko yote utaangushwa, hata ukiwa wa nani."

"Hata ukiwa wa nani, Jumbe?" akauliza Bi Mashavu.

"Hata ukiwa wa nani. Nimeapa."

Kila mtu alijua kuwa mti mnene kuliko yote ni mvule wa kisimani. Marehemu mumewe alitundika mizinga yake ya nyuki juu ya mvule huo, akazikwa chini yake. Kila asubuhi Bi Mashavu alikwenda kumpa habari za kijiji, maana umbea hakuweza kuumeza peke yake. Mti ukianguka, angeongea na nani?

Basi siku hizo mti haukupimwa kwa kamba. Watu waliuzunguka, wakanyoosha mikono, wakashikana, wakahesabiwa. Na kupanga watu ilikuwa kazi ya aliye mzee kuliko wote kijijini. Kazi ya nani? Ya Bi Mashavu.

Wakaenda kwenye mvule.

"Mwinchande, simama hapa. Bi Somoe, mshike mkono."

Watu wakaguna. Bi Somoe alikuwa mama mkwe wa Mwinchande, na kijijini humo mtu hamgusi mama mkwe wake. Hata chumvi humwekea chini, akageuka, ndipo mama mkwe akaiokota.

"Uzee huu," akasema Bi Mashavu. "Basi wapeni mchi wa kutwangia, kila mmoja ashike ncha yake."

Akamwita Pazi. Akamwita mama mkwe wa Pazi. Mchi wa pili ukaletwa. Duara likafunga.

"Mmoja, wawili, watatu, wanne. Mvule ni watu wanne."

"Na michi?" akauliza Jumbe.

"Mchi si mtu, Jumbe. Umewahi kuuona ukila?"

Wakaenda, wakaenda, mpaka kwenye mkuyu. Mkuyu huo ulikuwa uani kwa Jumbe mwenyewe. Chini yake alilala kila mchana, akikoroma mpaka kuku wakahama. Bi Mashavu akawaita ndugu wa tumbo moja, wasio na ukwe kati yao. Wakashikana mikono. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano.

"Watano," akasema. "Leteni shoka."

Shoka likaja. Twa! Gome likaruka.

"Ngoja kwanza," akasema Jumbe. "Na huu upimwe kwa mchi. Mama mkwe wangu aitwe. Nitashika mimi mwenyewe."

"Upendavyo, Jumbe. Lakini anayeshika mchi haachii mpaka hesabu iishe."

Akaja mama mkwe, Bi Kazija. Miaka kumi na miwili Jumbe alikuwa akimwona kwa mbali na kuchepuka njia. Leo kanaswa kwenye ncha ya mchi, na kwa heshima ya ukwe haruhusiwi kumjibu.

"Mmoja, wawili," akaanza Bi Mashavu.

"Binti yangu ulimwahidi nyumba isiyovuja," akasema Bi Kazija. "Juzi mvua imenyesha, kalala na chungu tumboni kukinga matone."

"Watatu. Nimepotea. Naanza tena. Mmoja..."

"Na ule mguu wa mbuzi wa harusi, nani aliula jikoni kabla ya wageni?"

"Wawili. Hilo nalo sikulijua. Naanza tena."

Jua likapanda, likasimama, likateremka. Kijiji kizima kikakaa chini kusikiliza. Wengine walikwenda kuchoma mihogo, wakarudi, bado wawili.

Mwishowe Jumbe akasema kwa sauti ndogo, "Bi Mashavu, nakuomba hesabu iishe."

"Ikiisha, mti utaangushwa. Si umeapa?"

"Kiapo nimekitengua. Ngoma siitaki. Usikatwe hata mchicha."

"Basi hesabu imeisha."

Jumbe akauachia mchi, akaenda moja kwa moja kuziba paa.

Kesho yake asubuhi Bi Mashavu akaketi chini ya mvule, akamweleza mumewe yote, na habari ya mguu wa mbuzi akairudia mara mbili. Akacheka mpaka nyuki wakatoka kutazama. Kisha akalia kidogo, kwa furaha.

Tangu siku hiyo, kijijini humo, anayetaka kuangusha mti mkubwa huambiwa amlete mama mkwe wake waupime pamoja. Mpaka leo hajatokea aliyemleta.

Nanyi mnaopenda kuapa mbele za watu, kwanza kumbukeni kilichoko uani kwenu.

Hadithi yangu naiweka chini hapa, kama chumvi ya mama mkwe. Atakaye aiokote.